Namba Moja, Lifti Mbili

Mkurugenzi wa Idara ya Ukaguzi alikuwa na kiti kikubwa kuliko kazi yake. Inspekta alipata muda wa kutosha kuliona hilo, maana alisimama mbele ya kiti chenyewe dakika nzima bila kukaribishwa. Mwishowe alivuta kiti cha wageni mwenyewe, akakipangusa vumbi kwa kiganja, akakaa.

Ilikuwa Jumatatu, saa tatu asubuhi. Mwendesha mashtaka alilitaka jalada mezani kwake saa nane mchana, likiwa na jina la mtu wa kushtakiwa. Mpaka wakati huo jina lilikuwa moja tu, la mkaguzi wa lifti, mtu mzima wa miaka hamsini na miwili ambaye tangu Alhamisi alikuwa analala kwenye sakafu ya mahabusu. Kosa: kusababisha kifo kwa uzembe.

Kisa hakikuwa kirefu. Alhamisi saa mbili asubuhi lifti ya jengo moja la ofisi ilikatika waya kwenye ghorofa ya tano, breki ikagoma, ikashuka mpaka chini na mama mmoja mfagiaji ndani yake. Aliacha watoto watatu. Mkaguzi aliapa kwamba wiki tatu kabla aliikagua lifti ile, akarudi ofisini, akaandika kwenye programu ya idara neno moja: ISITUMIKE. Idara ikasema hakuandika kitu. Kama aliandika, arudi nyumbani kwa mkewe. Kama hakuandika, aende jela.

"Hakuandika, dada yangu," alisema Mkurugenzi, akageuza skrini ya kompyuta yake.

"Inspekta. Dada zako wako nyumbani kwenu."

Mkurugenzi akajirekebisha. "Hakuandika, Inspekta. Tena ni mwongo wa kitoto. Tazama daftari lake."

Daftari Inspekta alikuwa nalo mkononi. Mkaguzi alikuwa mtu wa penseli. Kila alipoingiza ripoti kwenye kompyuta, programu ilimpa namba, naye aliinakili daftarini pamoja na tarehe na jina la jengo. Lifti iliyoua ilikuwa na namba 4412.

"Sasa tazama 4412 hapa kwangu," Mkurugenzi aliendelea. "Lifti ya mizigo, ghala la mbao. Kakagua mwenzake, na lifti ni nzima. Huyu amechukua namba ya mtu akaibandika daftarini, akadhani sisi ni wajinga."

Hilo la mwisho Inspekta aliliacha lipite. "Ripoti zake nyingine zikoje?"

"Zipi? Zaidi ya mwezi mzima hajaingiza ripoti hata moja. Nilimwandikia barua ya onyo."

"Akajibu?"

"Kwa barua. Akasema ameandika zote."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwandikia ya pili."

"Chumba chake kiko wapi?"

Mkurugenzi akaonyesha ukuta kwa kalamu. "Cha tatu kutoka hapa."

Inspekta aliandika: barua mbili, milango mitatu. Watu wazima wawili walikuwa wameandikiana mwezi mzima kwa umbali wa hatua ishirini, na hakuna aliyejinyanyua kwenda kutazama skrini ya mwenzake. Aliwahi kukamata wezi wa kuku waliokuwa na mawasiliano bora zaidi.

"Nani anazitunza hizi kompyuta?"

"Daktari," alisema Mkurugenzi, na uso ukamng'aa. "Huyo ni mtaalamu hasa. Atakueleza mpaka uelewe."

Daktari hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kompyuta aliyejipa jina hilo mwenyewe kwa hoja kwamba anatibu mashine, na ofisi nzima ikalikubali kwa uvivu wa kubishana. Aliingia na flashi nne zikining'inia shingoni, akaegemea kabati, akakunja mikono.

"Mfumo haudanganyi, afande," alianza. "Anayedanganya ni binadamu."

"Nieleze huo mfumo. Polepole, mimi ni polisi tu."

Hakuisikia kejeli, watu wa namna yake hawaisikii. "Kila mkaguzi ana programu kwenye kompyuta yake. Lakini ripoti hazikai kwake. Zinakaa kwenye faili moja la hifadhidata, na faili hilo liko kwenye kompyuta ya masjala. Mkaguzi akifungua programu, inapita kwenye mtandao wa ofisi, inafika masjala, inaandika humo. Wote wanaandika kwenye faili hilo hilo. Ndiyo maana namba haziwezi kugongana."

"Haziwezi?"

"Haiwezekani. Faili moja, hesabu moja."

"Kompyuta ya Mkaguzi umeigusa lini mara ya mwisho?"

"Tarehe tisa mwezi uliopita. Ile ya zamani ilikufa, nikamwekea mpya, nikaiunganisha na hifadhidata. Toka siku hiyo sijaigusa."

"Una hakika?"

"Mimi nikiunganisha kitu, kimeungana."

Inspekta aliyaandika maneno hayo kama yalivyotamkwa, akamgeuzia karatasi atie sahihi. Daktari akaweka sahihi ndefu yenye mkia, halafu akatoka akipiga mluzi.

Masjala kilikuwa chumba chenye joto, majalada yamepangwa mpaka darini. Karani wake alibakiza mwaka mmoja astaafu, na jengo zima lilimwita Mama Masjala. Kompyuta yenye lile faili ilikaa chini ya meza yake, imebandikwa karatasi iliyoandikwa kwa mkono: USIZIME, HATA KAMA UNA HARAKA.

"Kazi yangu si kubwa, mwanangu," alisema Mama Masjala. "Kila asubuhi nafungua programu, naangalia ripoti mpya. Nikikuta imeandikwa ISITUMIKE, nachapa amri ya kuifunga lifti, bosi anatia sahihi, tarishi anapeleka. Isipotokea humu mimi sichapi. Nitachapa nini?"

"Na ya lifti ile haikutokea?"

"Haikutokea. Ingetokea yule mama angekuwa hai, akifagia ngazi kwa ngazi huko na kututukana."

Inspekta akafungua daftari la penseli. "Nisomee ripoti zenye jina la Mkaguzi, mama. Namba na jengo. Anzia mwezi na nusu nyuma."

Mama Masjala alisoma, Inspekta akafuata kwa kidole. Mpaka tarehe nane, daftari na kompyuta vilikubaliana, jengo kwa jengo: 4381, 4385, 4386, 4390. Namba ziliruka, kwa kuwa katikati yake wakaguzi wengine walikuwa wanaingiza za kwao. Kuanzia tarehe tisa, Mama Masjala hakuwa na cha kusoma tena. Daftari lilikuwa nacho. Inspekta alitembeza kidole: 4393, 4394, 4395, 4396. Akageuza ukurasa, akaendelea. Zilikwenda moja moja, bila kuruka hata mara moja, mpaka 4424 ya Jumatano iliyopita.

Kidole kikasimama.

"Mama, mtu anayetunga namba za uongo angezirusharusha, zifanane na zile za nyuma. Huyu zinamjia mfululizo. Tangu tarehe tisa hakuna mwenzake hata mmoja anayeingia katikati."

"Vipi tena, na wote wako kwenye faili moja?"

"Hawako. Faili ni mawili. Lilikuwa moja mpaka 4392, halafu kuna mtu akalitoa nakala. Hili la kwako limeendelea kuhesabu hapa miguuni pako, na lile la Mkaguzi limeendelea kuhesabu kwingine. Kila moja lina 4412 yake."

Mama Masjala alivua miwani, akaiweka juu ya meza. "Ee! Kumbe!"

"Kumbe nini?"

"Njoo uone." Akafungua folda yenye hifadhidata. "Mtu akiingia kwenye faili, hapa panajitokeza kifaili kidogo chenye jina la kompyuta yake. Akitoka, kinapotea. Mimi nakiita kitabu cha wageni. Sasa mashine mpya ya Mkaguzi mwezi mzima sikuliona jina lake humu. Nikamwuliza Daktari. Unajua alinijibu nini? 'Mama, hiyo nimeshamaliza. Faili lilikuwa mbali, nimemletea karibu.'"

"Nimemletea karibu."

"Ndivyo alivyosema. Nikadhani ni lugha yao ya kitaalamu."

Inspekta alilipigia mstari neno hilo. Mwezi mzima maneno hayo yalikuwa yamekaa masjala, wazi kabisa, yakimsubiri mtu mmoja mwenye akili timamu ayachukue kama yalivyo.

"Na sasa hivi mashine hiyo inaweza kuingia?"

"Tangu Alhamisi. Daktari alikuja hapa kwenye saa nne u nusu anahema, anataka ruhusa. Folda hii, kila mashine lazima niipe ruhusa ya kuandika. Ile mpya hakuna aliyeniambia, kwa hiyo ilikuwa inasoma tu, kuandika inakataliwa. Nikampa. Kubonyeza mara tatu, mwanangu. Angeniuliza tarehe tisa ningempa tarehe tisa."

"Kwa nini hakuuliza?"

Mama Masjala akacheka kwa pua. "Daktari aje kuniuliza mimi?"

Saa tano na robo koplo alimfikisha Mkaguzi ofisini kwake na pingu mikononi, maana Inspekta hakutaka mashine ifunguliwe bila mwenyewe kuwapo. Mkurugenzi alisimama mlangoni. Daktari alikuwa ameshatangulia, mikono imekunjwa vilevile. Mama Masjala ndiye aliyekalishwa mbele ya kompyuta, kwa kuwa miongoni mwa waliokuwapo ni yeye peke yake ambaye mpaka sasa hakuwa amesema upuuzi.

"Niliandika, afande," alisema Mkaguzi. Alikuwa amelisema neno hilo kila siku tangu Alhamisi, kwa sauti ile ile ya mtu anayesubiri kupewa alama shuleni. Inspekta alishachoka nalo.

"Nyamaza kwanza. Mama, fungua programu, halafu pale kwenye mipangilio. Usibadilishe kitu." Inspekta akaipiga picha skrini. "Programu hii inaelekezwa wapi?"

"Mahali pa hifadhidata," Mama Masjala alisoma. "Kompyuta, MASJALA. Folda, REKODI."

"Si ndivyo nilivyosema?" Daktari akadakia. "Imeungana."

"Imeungana lini?"

"Tarehe tisa."

"Programu inayaweka wapi maelekezo haya?"

Daktari akasita. Mama Masjala hakusita. "Kuna kifaili chake cha mipangilio, hiki hapa. Kimebadilishwa mara ya mwisho..." Akasogeza uso karibu. "Alhamisi. Saa nne na dakika arobaini."

Inspekta akapiga picha nyingine, bila haraka. "Alhamisi saa nne kasorobo Mkaguzi alikuwa kwenye gari langu. Mimi ndiye niliyemkamata, kwenye kiti hicho hicho. Nani aliyebaki humu?"

Macho yote yakamgeukia Daktari.

"Kuna masasisho, afande," alisema Daktari, na sauti yake ilikuwa imepungua unene. "Saa nyingine programu hujibadilisha yenyewe."

"Yenyewe. Ikatoka humu, ikaenda masjala inahema, ikamwomba mama huyu ruhusa ya kuandika?"

Koplo aligeukia dirishani ili acheke vizuri. Inspekta akaitoa ile karatasi yenye sahihi ya mkia, akaisoma kwa sauti: toka siku hiyo sijaigusa. Daktari alizishika flashi zake, akazipapasa moja moja.

"Nilitaka kusaidia tu," alisema hatimaye. "Tarehe tisa ilikuwa inafungua halafu inagoma kuandika. Nilihangaika nayo siku nzima. Bosi alikuwa ananikalia kooni. Nikalinakili faili, nikaliweka humu humu kwenye kompyuta yake, programu nikaielekeza hapo. Ikaandika vizuri kabisa. Nilipanga kurekebisha."

"Lini?"

"Nikipata nafasi."

"Na Alhamisi nafasi ikapatikana."

"Niliposikia ile lifti..."

"Ukamwacha mtu akalale mahabusu siku nne. Nakala iko wapi?"

"Nimeifuta." Na hata hapo, maji yakiwa yamemfika shingoni, palikuwa na chembe ya fahari ya ufundi katika jibu lake. "Haipo tena."

Mkaguzi alijishika kwenye meza kwa mikono yake iliyofungwa. Alielewa upesi kuliko wengine: bila nakala ile, kilichobaki upande wake kilikuwa penseli.

Inspekta alimtazama Daktari jinsi mtu anavyotazama kitu kilichonasa kwenye soli ya kiatu. "Mama, hebu lifungue lile pipa la taka. Lile la kwenye skrini, pale pembeni."

Mama Masjala akabonyeza. Faili lilikuwamo, jina lake lile lile la hifadhidata, limetupwa Alhamisi saa nne na dakika arobaini na mbili. Daktari wa mashine alikuwa ametupa ushahidi wa kifo cha mtu kwenye pipa, akasahau kulimwaga.

Picha zikapigwa, koplo akaandika saa, mashahidi wakatia sahihi. Kisha Mama Masjala akalirudisha faili, akalifungua, akaitafuta 4412. Ilikuwa pale, tarehe ile ile ya daftari, jengo lile lile. Waya umelika. Breki imekwisha. ISITUMIKE.

"Mfungue," Inspekta alimwambia koplo, na pingu zikahamia mikononi mwa Daktari.

Mkaguzi alilia waziwazi, machozi yakimteremka mpaka kwenye kola. Halafu akajifuta, akakohoa, akarudi kuwa mtumishi wa idara. "Niliandika! Niliwaambia tangu mwanzo! Naomba maelezo ya kunisafisha, afande, na nakala kwa Mkurugenzi."

Inspekta alikuwa amemwokoa. Hilo halikumlazimisha kumpenda.

"Ulipouona ule waya umelika, pale jengoni ulimwambia nani?"

"Utaratibu ni kuandika. Kufunga ni kazi ya masjala."

"Wiki tatu. Hukupita hata siku moja kutazama kama wameifunga?"

"Niliandika, afande."

"Kweli, uliandika." Akamgeukia Mama Masjala. "Humu ndani mna ripoti ngapi zisizokuwamo kwako?"

"Kuanzia 4393 mpaka 4424. Thelathini na mbili."

"Niletee zenye neno ISITUMIKE peke yake."

Mama Masjala akabonyeza. Ilitokea mistari tisa. Aliihesabu kwa ncha ya kidole, moja moja, halafu akaufunika mdomo kwa mkono huo huo.

"Hizi sijazichapa," alisema. "Mungu wangu, hizi hata moja sijaichapa."

Mkurugenzi akatafuta kalamu mfukoni. "Basi zichapwe. Niletewe nitie sahihi, na kesho asubuhi tarishi..."

"Wewe kaa," Inspekta alimwambia, ingawa hapakuwa na kiti. Akausoma mstari wa tatu kwa sauti. "Hospitali. Wodi ya wazazi, lifti ya kitanda. Breki haishiki. Inashuka yenyewe." Akamtazama Mkaguzi. "Hii inabeba nani?"

Mkaguzi alifungua mdomo. Neno lake lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi, kila mtu alilisubiri, na kwa mara ya kwanza halikutoka.

"Wajawazito," alisema.

Akaichukua simu ya mezani yeye mwenyewe. Namba ya hospitali alikuwa nayo daftarini, kwa penseli. Aliongea kwa sauti kubwa, ya mtu ambaye hajazoea kuitumia: lifti ya wodi ya wazazi izimwe, sasa hivi, asipandishwe mtu, aliyemo atolewe. Upande wa pili ulisikiliza mpaka mwisho, na sauti yake ikasikika chumba kizima, tulivu, ya mtu aliyekaa vizuri.

"Nimekusikia, mzee wangu. Ila sisi hatufungi kitu kwa simu. Leteni karatasi yenye muhuri, ndio utaratibu."

Mkaguzi aliiweka simu mezani bila kuikata. Hakumwangalia mtu. Akatoka mbio, mtu wa miaka hamsini na miwili, viatu vikimpwaya miguuni kwa sababu mahabusu hunyang'anywa kamba, akampita Mkurugenzi mlangoni kwa bega, na vishindo vyake vikasikika vikishuka ngazi mbilimbili.

"Mfuate," Inspekta alimwambia koplo. "Mpandishe kwenye gari letu, uwashe king'ora, usisimame popote."

Koplo akaondoka. Inspekta akaiinua ile simu. Mtu wa hospitali alikuwa bado yupo, anaita haloo, haloo.

"Karatasi yako inakuja," akamwambia. "Ina miguu miwili na inakimbia. Ukiizuia getini, ya pili nitaileta mimi, na hiyo itakuwa na jina lako."